Matone, Tembe na Mapanki

Jua la Mwanza halina choyo.
Linachoma mawe ya Mabatini hadi kandambili zinalainika,
linakausha dagaa wa Igombe kabla ya adhuhuri,
na bado karatasi ya maabara ilisema: kumi na moja.
Kumi na moja! Kana kwamba nimezaliwa pangoni.

"Dada, jua unaliona saa ngapi?"
Lushinge wa duka la dawa, Kirumba,
aliuliza huku akifuta miwani kwa ncha ya koti.
Nikamwambia: naingia kiwandani saa kumi na mbili jioni,
buti, glovu, barafu, minofu ya sangara usiku kucha;
asubuhi navuta pazia, nalala kama gogo.
Jua nalijua kwa joto la bati tu.

Akapanga juu ya kioo aina tatu.
Tembe nyeupe, kavu kama chaki, bei ya soda.
Kidonge laini, rangi ya asali,
kimebeba mafuta yake tumboni.
Na kichupa cha matone.
Bei yake niliisoma mara mbili.

Tulikuwa watatu wa meza moja ya minofu,
magoti yetu yakilalamika kwa lugha moja.
Holo akachukua tembe.
Nyangeta, kidonge laini.
Mimi nikabeba matone, maana zamu yangu ya mchezo ilikuwa imefika,
na niliamini cha ghali ndicho kinachofika.

Kila alfajiri, zamu ikiisha, nilidondosha matone ulimini
nikayasindikiza na chai ya rangi, bila kitafunwa,
niwahi kulala.
Nyangeta alimeza chake kwa uji, siku akikumbuka.
Holo alikwenda pale getini kwa mama Sumbuka wa mapanki,
akanunua kichwa cha sangara kilichokaangwa kwa mafuta yake mwenyewe,
akala hadi viwiko vinang'aa,
na katikati ya shavu na jicho
akatupia tembe yake ya bei ya soda
kama mtu anayeongeza chumvi.

Miezi mitatu. Sindano tena, pamba tena.
Holo: thelathini na nne.
Nyangeta: ishirini na sita.
Mimi wa kichupa:
kumi na saba.

Nikarudi Kirumba na kichupa mkononi
kama mtu anayerudisha kuku mgonjwa kwa aliyemuuzia.
Lushinge hakubishana.
"Vitamini hii ni mtoto wa mafuta," akasema.
"Ukimleta na chai ya rangi anaweza kubaki mlangoni.
Lakini watu watatu si utafiti, dada.
Miili haifanani. Halafu niambie ukweli:
ulikuwa unadondosha mangapi?"

Hapo ndipo niliangalia viatu vyangu.

Matano ndiyo yaliyoandikwa.
Nilidondosha matatu, siku nyingine mawili,
ili kichupa kifike mwisho wa mwezi,
ili bei ile isiniume mara mbili.
Kwa hiyo sijui. Sijui ni chai, au ubahili,
au ni damu yangu tu inayopokea wageni kwa shida.
Kutia mdomoni na kutia mwilini
ni safari mbili, na katikati pana kivuko.

Minofu ninayoikata hupanda ndege usiku uleule
kwenda kwa watu ambao, nasikia, jua lao huchukua likizo.
Mafuta hubaki huku kwenye mifupa,
kwetu sisi tulio na jua na hatuna saa ya kuliota.

Leo sikuvuta pazia mapema.
Nimekaa getini juu ya kreti iliyopinduliwa,
mikono ya koti nimeikunja hadi begani.
Holo amepasua kichwa, amenipa shavu, upande wenye mafuta,
na ameniambia nisiguse maji kabla sijalamba vidole.
Nimetoa kichupa.
Moja. Mbili. Tatu.
Mkono ukataka kusimama.
Nne.
Tano.