Sarafu Nne Nne

Tabata Kimanga, nyumba ya geti la bluu.
Nimeitwa kuunganisha visivyopatana:
huku laminati, rangi ya mninga na si mninga,
kule chini ya dirisha, mraba wa vigae vyekundu,
makao ya seredani ya Bi Sikudhani.

Aliyelipa ni Tunu, bintiye.
Alitaka sakafu moja, mlangoni hadi ukutani,
na jiko la gesi.
Mama akasema: gesi nimeiona,
haijui maharage.
Hawakugombana. Walinyamaziana wiki mbili,
kisha nikapigiwa simu mimi.

Kabla ya yote nikamwomba mama awashe,
apepee kama anavyopepea akiwa na hasira.
Akapepea!
Cheche moja ikavuka vigae, ikafia kwenye saruji tupu,
pale pale ambapo ubao ungelala.
Nikaizungushia chaki.
Nikaenda Buguruni kutafuta vigae sita vya kuongeza;
wekundu haukulingana,
huu wa pili ni wa nyanya iliyoiva upande.
Mama akasema, mimi napika, sipigi picha.

"Sasa bandika vigusane," Tunu akaagiza,
"nisione ufa."
Nikasema hapana, dada.
Sikumsimulia ya Mikocheni:
mwaka juzi nililaza ubao na kigae shavu kwa shavu,
nikasifiwa, nikalipwa, nikala pilau.
Machi ikaja na jasho lake,
sakafu ikainuka katikati ya sebule
kama mgongo wa paka aliyeona mbwa,
mlango wa chumba ukagoma kufunguka
na mgeni yumo ndani.
Fedha yao niliirudisha kwa awamu tano.

Ubao wa kiwandani nao ni ubao.
Unakunywa hewa ya mji huu usiku kucha
na asubuhi umenenepa.
Basi nikasimamisha sarafu za mia mbili, nne nne,
mafungu saba, kati ya ubao na kigae,
nafasi ya kupumulia.

Bi Sikudhani akachuchumaa kando yangu.
"Pesa hizo unazizika?"
"Naikopesha sakafu, mama. Jioni italipa."
Akacheka, akaniletea chai ya mchaichai,
akaiweka juu ya laminati, akaiondoa upesi,
akaiweka juu ya kigae.

Kigae kimeuzidi ubao milimita tatu.
Ni kidogo, ila kidole gumba cha mguu
hakilijui neno kidogo.
Nikachagua ukanda wa alumini wenye mteremko,
skrubu zikang'ata saruji peke yake;
ubao hazikuugusa hata kwa salamu.
Juu umefunikwa, chini uko huru.
Upande wa kigae, uzi mwembamba wa silikoni
nikaulainisha kwa kidole chenye mate ya sabuni.

Tunu akapita pekupeku, simu sikioni,
akatoka mbaoni, akaingia kigaeni,
hakutazama chini.
Nikakunja zana.

Usiku, Vingunguti, nikamwaga mfuko kitandani.
Nilikwenda na sarafu ishirini na nane.
Nimehesabu mara tatu, mke wangu mara moja:
ishirini na saba.

Labda imeanguka njiani.
Labda mama kaichukua, anitanie.
Au iko palepale, chini ya ukanda, imesimama wima,
na masika ikija
ubao utaanza kunyoosha miguu,
uiguse.