Idadi ya Wanufaika

Mimi ndiye mjaza fomu.
Nina gari jeupe lenye nembo mlangoni,
kofia ngumu nisiyoihitaji huku nje,
na cheo kirefu kuliko mshahara:
Afisa Mahusiano ya Jamii, Mgodi wa Shaba, Gobi Kusini.

Kutoa ni moyo, husema watu.
Kwetu kutoa ni idara.
Ina meneja, ina bajeti,
na bajeti isiyoliwa mwaka ukiisha hurudi ilikotoka;
ndiyo maana visima vyetu huzinduliwa kwenye baridi,
utepe umekakamaa kama mfupa,
mkasi unagoma.

Kisima namba saba.
Pampu ya jua, birika la saruji,
kibao cha buluu kikubwa kuliko birika.
Mpiga picha kutoka Ulaanbaatar
alimwomba shangazi Dulamsuren achote maji.
Akachota.
Achote tena, jua limeingia kwenye lenzi.
Akachota.
Mara ya tatu, sasa kwa tabasamu.
Ngamia wake arobaini na watatu wakatazama
kwa ile dharau yao,
midomo ikisaga kitu kisichokuwepo.
Hakusogea hata mmoja.
Maji yalinuka bomba jipya.

Nikaiweka fomu juu ya boneti.
Jina. Kaya. Idadi ya wanufaika.
"Niandike mara mbili," akasema shangazi.
"Haiwezekani. Mtu ni mmoja."
"Mwandike aliyepewa kisima.
Kisha mwandike yule aliyekuwa na chemchemi."

Chemchemi ya Mawe Mekundu:
hata mimi niliogeshwa pale,
siku nilipoacha kunyonya.
Ilikauka mgodi ulipotimiza miaka mitatu.
Wataalamu walikuja na mabomba membamba,
wakapima, wakanywa chai yetu ya chumvi,
wakaandika kurasa mia mbili na kumi
kueleza kwamba haijulikani.

Sisemi yote ni kiini macho.
Binti yangu Nomin alijulia herufi
kwenye chekechea tuliyoijenga;
sakafu yake ina joto, supu yake ina nyama.
Mzee Ganzorig alitolewa mtoto wa jicho kwa hela zetu
na sasa anaona,
anaona hadi vumbi la malori kule upeoni,
analihesabu kwa kidole toka asubuhi:
"Hilo la arobaini. Hilo la arobaini na moja."
Na mimi nala huko huko.
Mdomo uliojaa hausemi wazi.

Nilitafuta safu ya waliopoteza.
Fomu ina safu ya wanawake,
ya vijana chini ya miaka thelathini na mitano,
ya wenye ulemavu,
ina hata kisanduku cha "mengineyo",
upana wake ukucha wa kidole gumba.
Nikaandika: mia mbili na kumi na wawili.
Shangazi nikamhesabu mara moja.

Ripoti ilitoka majira ya kuchipua,
nzito, yang'aa, yanukia wino.
Ukurasa wa thelathini na nane ni yeye,
anacheka hadi pengo linaonekana,
na chini yake: *Maji ni uhai. Mfugaji afurahia kisima.*
Nakumbuka kicheko kile.
Mpiga picha alikuwa amerudi nyuma kutafuta pembe nzuri,
akakanyaga kinyesi kibichi,
akaenda chini na mashine yake yote.

Nilimpelekea nakala.
Aliutazama uso wake kitambo,
kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani,
kisha akauchana ukurasa taratibu, bila kuupinda,
akafungia jibini kavu la safari yangu.
"Karatasi njema hii," akasema,
akiipapasa kwa kidole gumba.
"Haipitishi mafuta.
Hapo mmenifaa.
Hilo liandike."