Tuzunguke

Asubuhi ya kwanza Kizota niliamshwa na mlio,
nikafungua dirisha la gesti bila kuvaa miwani:
ile tukutuku ya silinda moja,
kikohozi cha mtu ninayemjua.
Kwetu Kolhapur tunaiita riksha.
Hapa wamechukua jina la ukoo wa tajiri,
wakalivua herufi kubwa, wakalitia kwenye ngeli:
bajaji hii, bajaji hizi, bajaji yangu imeharibika.
Imevuka maji kabla yangu
na kwa Kiswahili imeniacha mbali.

Neno langu la kwanza nililinunua kwa aibu.
Nilitaka kushushwa pale kwenye geti la kiwanda,
nikamgusa dereva bega, nikasema, "Shuka!"
Akapunguza mwendo. Akazima. Akashuka.
Akasimama vumbini, mikono kiunoni,
koti la baridi ya Julai limefungwa hadi kidevuni:
"Haya bosi, nimeshuka. Sasa utaendesha wewe?"
Ndahani, ndilo jina lake.
Tangu siku hiyo hanibebi kabla hajauliza
leo ni zamu ya nani kushuka.

Nilikuja kufunga mashine ya kukamua alizeti.
Mkataba miezi minne; huu ni mwaka wa pili.
Namwandikia mke wangu: spea imekwama bandarini.
Siku hizi sina hakika kama ni spea.

Labda ni salamu. Kwetu mtu huulizwa, umekula?
Basi, yamekwisha.
Mama Sechelela wa chai anataka kujua nimeamkaje,
nyumbani je, baridi je, na mashine imeamkaje
(mashine!)
na nisipojibu yote chupa haifunguliwi.

Jumapili moja nilikwenda Uhindini,
moyo umevaa nguo mpya.
Nikamkuta Hirji nyuma ya marobota ya vitenge,
nikamsemesha Kihindi. Akanijibu Kihindi cha sinema,
kimechacha kidogo, kisha akachoka:
"Bwana, aliyetoka huko ni babu yangu.
Mimi wa hapa hapa, mtoto wa Makole.
Wewe ndiye mgeni. Karibu sana."
Akaniagizia soda. Nikainywa polepole
kama mtu aliyebisha hodi kwake
akaulizwa, nani?

Na treni. Kwetu nilisafiri nimening'inia mlangoni,
mguu mmoja ndani, wa pili unadaiwa na upepo.
Hapa kiti kina namba, namba ni yangu,
na ikaondoka dakika ile ile iliyoandikwa;
nikakosa cha kulalamikia hadi Morogoro.
Jirani akanimiminia karanga kiganjani, hakusema kitu.
Kumi na nne. Sijui kwa nini nilizihesabu.

Ndahani hana chenji. Hajawahi kuwa nayo.
"Kesho, bosi." Na kesho yake ni ndefu
kama barabara ya Singida, lakini hufika:
siku ya nane, soko la Majengo, katikati ya nyanya,
"Mhindi! Mia tano yako hii!"
Soko zima likageuka
kumtazama Mhindi anayedai watu.

Jana jioni mama alipiga simu.
Macho yake yamepungua nuru, na siku zinamvurugikia.
Tulikuwa Nkuhungu, upepo unachapa maturubai,
mchanga kwenye meno.
Akaisikia injini chini ya sauti yangu.
Akanyamaza. Kisha, kwa Kimarathi, kwa furaha:
"Uko kwenye riksha! Kumbe umeshafika.
Mwambie asipite darajani, mto umejaa,
asubuhi wamemwopoa ng'ombe wa kina Shinde."

Mbele yetu kweli palikuwa na daraja,
na chini yake korongo: mchanga mweupe,
mbuzi wawili, na watoto wanachimba
kutafuta maji kwa kikombe cha plastiki.

"Bimkubwa anasemaje?" akauliza Ndahani.
"Anasema tuzunguke."
Akalitazama korongo. Akanitazama kwenye kioo.
"Mama akishasema," akasema,
akakunja kushoto, njia ya Chang'ombe,
na nauli ikapanda mia tano.