Matunguu Matano

Yalifika kwa lori la Tunduma, ndani ya bahasha ya kaki,
matano, meusi, yamekunjamana
kama mavi ya mbuzi yaliyosahauliwa na jua.
Utingo akanikabidhi huku anacheka:
"Haya ndiyo uliyolipia elfu kumi na mbili?"

Mimi ni fundi vioo. Hapa Tukuyu
upepo ndio unaonipa kazi.
Tangi nililiunga kwa masalio ya madirisha ya kanisa,
kuta nne na sakafu, silikoni kwenye pembe,
nikalijaza, nikalala sikio wazi, nikisubiri tone.
Halikuvuja. Likabaki na maji matupu
kama meza iliyoandaliwa, mgeni hajaalikwa.

Mchanga nilichota Kiwira, mweusi,
nikauosha ndoo saba
hadi maji yakakubali kuwa maji.

Mwakalobo akasimama mlangoni, jembe begani,
udongo wa viazi bado magotini.
"Unapanda nini humo?"
"Tunguu."
"Kitunguu?"
"Tunguu. Linatoa majani ndani ya maji."
"Linaliwa?"
"Haliliwi."
"Na samaki?"
"Wadogo. Nao hawaliwi."
Akautazama mgomba wangu, akautazama mlima,
akaniambia pole,
ile pole ya msibani, ya kushikana mkono.

Nusu chini, nusu juu. Ukilizika lote, umelizika kweli.
Shingo iachwe nje.
Nikafuata. Mawili yakaelea usiku uleule,
yakagonga kioo, ko, ko,
hodi ya mtu anayetaka kutoka.
Nikayafunga kwa uzi wa cherehani kwenye jiwe.

Ikaingia Juni.
Ukungu ukashuka Rungwe ukakaa sebuleni kama shemeji.
Maji yakawa ya kuuma kidole hadi mfupani.
Nikalivika tangi blanketi la mwanangu, lenye simba,
mwanangu akalala na koti.
Umeme ulipokatika nilizamisha chupa za maji moto,
moja kila kona, saa nane usiku,
nikijiuliza ni lini nilimfanyia hivi binadamu.

Wiki ya tatu, utando mweupe.
Wiki ya tano, harufu.

Atupelye mke wangu huuza mbegu ya viazi,
amechagua kwa dole gumba tangu ana meno ya utoto.
Hakuniuliza. Akazamisha mkono hadi kiwiko.
La kwanza likabonyea.
La pili likatoa uji.
Akayatupa yote mawili kwenye shina la kahawa.
La tatu gumu. La nne gumu.
La tano alilishika muda mrefu, macho kwenye dari.
"Hili sijui," akasema,
na neno hilo sijalisikia kwake mara tatu
tangu tuoane.

Septemba nilikwenda Masoko kuweka vioo vya shule.
Siku nne. Niliporudi hakuna aliyenipa habari,
nikafikia kuvua viatu, nikaona:
uzi mwekundu,
mwembamba kuliko ule nilioufungia,
umetoka kwenye la tatu ukapinda kuelekea dirishani,
na kwenye ncha yake jani limejiviringa
kama tiketi mkononi mwa mtoto.

Kesho yake lilikuwa limefunguka.
Kesho kutwa yalikuwa matatu.
La nne nalo likafuata, la kijani, lenye mawimbi pembeni,
likakua kwa fujo hadi likakunja shingo juu ya maji.
Samaki wakapata mahali pa kujificha,
na mimi nikapata mahali pa kukodolea macho
wakati wateja wanapiga simu.

Mwakalobo alikuja Jumapili kudai patasi yake.
Akakaa. Chai ikaganda utando.
Alikuwa ameinama, pua karibu na kioo,
pumzi yake inakifunika, anafuta kwa kofia,
inakifunika tena.
"Ile bahasha," akasema, "haikubaki na lingine?"
Nikamwonyesha la tano, pale kwenye mchanga,
bila jani, bila mzizi, bila harufu.
Hakukunja hata shati.
Akazamisha mkono, akalibonyeza taratibu
kama anavyobonyeza viazi vyake kabla ya mvua.

"Gumu," akasema,
akalirudisha, shingo nje.