Chokaa ya Majira ya Baridi

Novemba walinipa ndoo tatu za chokaa,
gundi ya mifupa, brashi mbili zilizonyonyoka,
na amri ya mstari mmoja:
ndege zote kumi na moja ziwe theluji kabla ya asubuhi.

Kabla ya vita nilikuwa napaka rangi mabehewa, kule Vologda.
Behewa hupakwa lipendeze.
Ndege hupakwa isiwepo.

Nikazifuta moja moja.
Mabawa ya kijani na weusi yakazama chini ya brashi.
Maji yaliganda kabla gundi haijashika;
nikachemsha tena, nikapaka tena,
vidole vikapasuka, chokaa ikaingia nyufani
ikauma kama chumvi.

Kisha meja akaja na taa yake, akasema:
Sasa nyota. Nyekundu. Kubwa.
Wetu wa ardhini wasije wakatutungua.
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Mficha maradhi, kifo humuumbua;
sisi tulificha ndege nzima
tukaliacha wazi jeraha lake, lenye ncha tano.

Kumi na saba ilikuwa ya Luteni Rodion Pakhomov,
mwembamba, mla mbegu za alizeti,
aliyetema maganda hata akiwa amekaa mbele ya usukani.
Aliichukia chokaa yangu.
"Glafira, inakwaruza upepo. Inanila mwendo."
Usiku, kwa msasa na kitambaa chenye mafuta,
aliisugua ndege yake kama anayemkanda farasi,
hata ikang'aa kama yai,
na asubuhi nikafokewa mimi kwa kung'aa kwake.

Kila aliyemwangusha, nilimchorea nyota ndogo
chini ya dirisha, upana wa kidole gumba.
Tatu. Nne.
Aliporudi na ya tano nilikuwa nimeshachovya brashi.
Acha, akasema.
Akaketi juu ya kreti ya risasi, glavu hakuvua.
"Alipita karibu. Mweupe kama mimi,
chokaa ileile, imebabuka palepale, kwenye ukingo wa bawa.
Na chini ya dirisha, jogoo.
Jogoo wa bluu, kavaa viatu.
Viatu vyenye kamba, Glafira.
Mtu alikaa kitako akachora kamba."

Sikusema kitu.
Nilijua ugumu wa kamba za viatu:
brashi ya nywele tatu, pumzi imezuiwa,
mkono wa kushoto umeukamata wa kulia.
Nilijua kwamba jioni ile, ng'ambo ya ziwa,
kuna mtu amesimama na kopo la bluu,
anahesabu zinazotua.

Mwishoni mwa Februari nami nilihesabu.
Ziliondoka nne, zikatua tatu.
Nikahesabu upya, polepole,
kana kwamba ile moja nimeipaka vizuri mno,
ipo pale pale kiwanjani,
ila siioni.

Aprili tukaziosha zilizosalia, kwa maji ya moto na mafagio.
Uwanja ukatiririka maziwa.
Kijani kikarudi kilekile, hakijazeeka.
Kumi na saba nikaambiwa niiandike kwenye ndege mpya,
ya kijana mpya;
jina lake sikuliuliza mpaka Juni.

Ilibaki nusu ndoo.
Nikaipeleka kwenye mitufaha ya shamba la ushirika nyuma ya kiwanja,
maana mashina hupakwa baridi ikiisha, wadudu wasipande.
Nilipaka mchana kutwa, sikuwaza.
Praskovya, mtunza bustani, akanijia kwa nyuma:
"Shina hupakwa hadi kiunoni.
Hili mbona umelifikisha matawini, hadi kwenye vichipukizi?"
"Lisionekane," nikamwambia.

Akautazama mti, akanitazama mimi.
Theluji ilikuwa imeyeyuka wiki mbili nyuma.
Udongo mweusi, matawi meusi, bustani nzima nyeusi,
na mti mmoja mweupe
ambao ungeuona ukiwa popote angani.