Nati ya Tatu

Jamaa kutoka Unguja kashuka boti na daftari jipya,
anataka siri.
Kasimama mlangoni mwa gereji yetu, hapa Mtemani,
viatu vyeupe, anakwepa oili,
anauliza vipi kigari hiki cha rangi tatu,
mlango wa kushoto wa gari nyengine, boneti la kamba,
kimewaacha watu misimu minne mfululizo.

Kule bandarini kishaambiwa: Wapemba hao, utawaweza?
Kaambiwa kuna kitu kimeshonwa kwa kitambaa cheusi
chini ya kiti cha Asaa.
Kipo. Sikatai.
Lakini kwanza akae. Si kwenye tairi hilo, hilo lina kazi.

Asaa ndiye dereva. Watu humbeba yeye mabegani.
Na Asaa mwenyewe, siku akiamka na njaa ya kusema kweli,
atakwambia kona ya mihogoni haikatwi kwa ushujaa.
Inakatika kwa sababu Fundi Subeti
alikesha Ijumaa, simu mdomoni ndiyo taa,
akipunguza springi ya kulia upana wa ukucha,
akapima, akarudisha, akapunguza tena,
mpaka mkewe akamletea uji hapa hapa
akasema: basi mwoe hiyo gari.

Bikombo ana saa na kalamu.
Hapigi kelele. Timu za wenzetu ndizo za kelele,
zina fulana za majina, zina spika,
zina dereva na fundi wanaotukanana mbele ya kadamnasi.
Bikombo husikiliza gari ikipita mara moja
akasema, gia ya tatu inasita.
Ukifungua, klachi imeliwa.
Ndiye aliyeamua, msimu wa karafuu,
kila mtu alete pesa ya pishi mbili,
hata Asaa, hata mie ninayeogopa kupanda.
Kwa hiyo matairi haya yetu,
na hakuna tajiri wa kuja kutwambia nani ashike usukani.

Na mie? Mie wa gurudumu moja.
Nyuma, kushoto. Nati tano.
Usukani sijaugusa hata siku ya kuosha.
Gari ikiingia, vumbi halijatua nishapiga goti,
jeki juu, moja mbili tatu nne tano, toka!
Sekunde kumi na moja. Zamani ishirini na mbili.
Katikati ya hapo pana miezi minane ya alasiri,
gari imezimwa, juu ya matofali,
nafunga nafungua, nafungua nafunga,
watoto wa chuoni wakipita na juzuu zao
wananihesabia kwa sauti.

Haya, hicho cheusi.
Mwaka ule, kiwanja cha Konde, tuko mbele,
mizunguko miwili imebaki.
Tukaliona gurudumu linaipita gari.
Linakwenda zake peke yake, kama mtu mwenye miadi,
likavuka kamba, likaingia mihogo ya watu.
Nyuma. Kushoto.
Nikangoja matusi. Niliyatamani yale matusi.
Asaa akatokea dirishani, damu mdomoni, akaniuliza:
"Umeumia?"
Mie!
Bikombo akamlipa mwenye shamba mashina yake sita.
Halafu akachana karatasi, akaandika maneno matano:
Nati ya tatu, nyuma kushoto.
Jina hakuandika.
Akaikunja, akaishona kwa kipande cha buibui lake kuukuu,
akaitia chini ya kiti.

Tangu hapo kila mwenye kosa huandika lake.
Kifurushi kimenenepa, sasa ngumi nzima.
Usiku wa kuamkia resi tunakifumua,
tunasoma, hakuna anayecheka,
tunashona upya.

Lakini jamaa anatazama saa ya boti,
jicho moja liko chini ya kiti.
"Kwa hiyo," ananong'ona, "ni dawa?"
Subeti anakohoa. Bikombo anatafuta kalamu
iliyo sikioni mwake.
Dawa, bwana, namwambia. Dawa kali mno. Andika.

Kisha inuka kidogo, tafadhali.
Umeikalia nati yangu.