Kanuni Haisemi Kitu Kuhusu Vijiko

Kazi yangu ni kuandika kilichosemwa.
Mahakama ya wilaya imenipa chumba kisicho na dirisha,
visikizi vya masikioni, na kanuni ya kurasa mbili:
usisahihishe sarufi ya shahidi;
kicheko kiandikwe kicheko;
kimya kikizidi sekunde tano, kihesabiwe.

Saa kumi na dakika kumi na mbili, tarehe tisa Agosti.
Idalina Quaresma, mjane, Vale do Zimbro, nyumba ya mwisho
kabla barabara haijawa njia ya mbuzi.
Anasema kuna moshi nyuma ya kanisa dogo,
mwembamba, kama wa mtu anayechoma barua.
Kijana anamjibu: Imesajiliwa, mama.

Saa kumi na dakika arobaini na moja. Si mwembamba tena.
Upepo umegeuka, mikaratusi inapasuka kama bisi.
Unanusa? anamuuliza,
kana kwamba simu ina pua.
Imesajiliwa.
Nyuma ya sauti yake nasikia kijiko kikigonga kikombe
mara nne. Kanuni haisemi kitu kuhusu vijiko.
Nimekiandika.

Simu ya tatu nimeisikiliza mara kumi na moja
kwa sababu ya neno moja nisilolielewa,
hata nikang'amua si neno, ni jina la mbuzi.
Mimosa. Anamwita Mimosa aingie ndani
huku akimpa kijana anwani yake upya,
herufi moja moja, polepole,
kama mwalimu wa imla.

(Kimya, sekunde tisa.)

Imesajiliwa.

Wahenga walisema mjumbe hauawi.
Haya. Na mjumbe aliyeukalia ujumbe,
yeye tumwandike wapi?
Wakasema tena, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Nimeitazama miguu yote iliyoingia hapa
na viatu vyake vilivyong'arishwa. Mizima.
Waliokufa ni kumi na wanne, na wote walikuwa wamesikia.

Ripoti ya idara ina kurasa mia mbili na sita.
Simu zilipokelewa. Taarifa ilihifadhiwa.
Gari halikutumwa. Zamu ilipunguzwa.
Itazame ile w, kadogo, kwenye mkia wa kitenzi:
mtu mzima anajificha nyuma yake,
na bajeti yake, na dereva wake anayemsubiri nje.
Nilianza kuzipigia mstari kwa penseli.
Ukurasa wa arobaini penseli ikaisha.

Mkurugenzi Valdemar Seixas aliulizwa ni nani
aliyeondoa viti viwili kati ya vitatu kwenye chumba cha simu.
Sikumbuki.
Ni nani aliyetia saini?
Sikumbuki.
Nimeandika sikumbuki kumi na saba;
kompyuta ilishaanza kunimalizia.

Ndipo akaitwa Délio Frazão, miaka ishirini na minne,
siku ile akiwa saa ya kumi na nne ya zamu ya saa nane.
Koti la kuazima, mikono imemeza vidole.
Jaji: Unaikumbuka simu ya tatu?
Hakuangalia karatasi. Aliisema yote,
na herufi za anwani, moja moja, polepole,
hata akafika kwa mbuzi, akamwita
vilevile, sauti ikipanda mwishoni.
Binti wa Idalina alisimama, akavaa koti lake,
akaketi tena.

Simtetei. Kitufe kilikuwa chekundu, upana wa sarafu,
shibiri moja kutoka kwenye kile kikombe.
Ila nasema nilichokiona: katika ukumbi ule
wenye mawakili tisa na majalada kwenye toroli,
yeye peke yake alikuja ameibeba kichwani.

Jaji: Basi kwa nini?

Nikaanza kuhesabu.
Kumi. Ishirini. Feni ilizunguka.
Kwenye sekunde ya thelathini na nane, safu ya mbele,
mtu alikohoa.
Kanuni inataka mabano tu: (kikohozi).
Niliandika aliyekohoa,
jina lake kamili, na cheo.